Umeachishwa Kazi? Hesabu Siku Zako

Barua imekufikia Ijumaa jioni: kampuni inapunguza wafanyakazi, nawe umo. Ndani ya matatu ya kwenda Kondele unawaza karo, kodi ya nyumba na unga. Utaanzaje kumweleza mwenzako?

Msiba huu si mgeni Kisumu. Waulize wazee waliofanya kazi katika kiwanda cha nguo cha KICOMI, kilichofungwa miaka ya 1990.

Huko Uingereza, asiye na kazi hulipwa ruzuku na serikali, mradi aripoti mara kwa mara jinsi anavyotafuta kazi. Asiporipoti, hukatwa. Hapa Kenya ruzuku hiyo haipo. Hata akiba yako ya NSSF haitolewi kwa sababu tu umepoteza kazi. Lakini usidhani, msomaji, kwamba huna cha kudai wala pa kuripoti.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amjulishe afisa wa leba mwezi mmoja kabla. Ajulishe pia chama chako, au wewe mwenyewe kwa maandishi ikiwa si mwanachama. Tena akulipe siku za likizo ulizobakisha, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Tuseme ulilipwa KSh600 kwa siku kwa miaka 8: hizo ni KSh72,000. Huo ni mtaji wa kuanza kuuza omena sokoni Kibuye.

Ukiona umefutwa bila haki, peleka malalamiko kwa afisa wa leba kabla ya miezi 3 kupita. Hapa ndipo wengi huteleza. Mmoja huambiwa na mwajiri arudi wiki ijayo, mwingine huona haya, na siku hazimngoji mtu. Mahakamani muda ni miaka 3, lakini kesi hutaka fedha na subira.

Basi kusanya barua ya ajira, hati za mshahara na barua ya kufutwa. Dai cheti cha utumishi. Ni haki yako. Usitie sahihi karatasi isemayo umelipwa yote kabla ya kuisoma na kupiga hesabu.

Nawe mwanafunzi, kalamu unayo: msaidie mzazi wako kuandika malalamiko hayo leo. Ajizi ni nyumba ya njaa.