Taa nyekundu kwenye ruta: jinsi kichwa cha faiba kinavyofungwa, na kwa nini fundi wako asitumie mkasi

Leo siongelei bei wala picha za bidhaa. Naongelea kitu kidogo kuliko kidole ambacho kilinikosesha mauzo ya Jumamosi nzima.

Duka langu lipo Omurushaka, Karagwe. Nauza viatu na mabegi, na wateja wengi nawapata mtandaoni: Kayanga, Nkwenda, Kaisho, mpaka Murongo kule mpakani. Jumamosi moja nilitangaza laivu ya saa 2 usiku. Saa 1 na nusu ruta ikawaka taa nyekundu. Nikahamia bando la simu, likaisha katikati ya laivu. Watu walioniahidi kuchukua mzigo, asubuhi yake walikuwa wameshanunua kwa mwingine.

Fundi aliyekuja kutengeneza akafungua kile kichwa cha mwisho wa waya, akacheka. "Bosi, hii alikata na mkasi." Kumbe aliyenifungia mwanzo hakuwa na kifaa cha kukatia. Miezi miwili nilikuwa nalalamika intaneti inasuasua, kosa lilikuwa pale pale ukutani kwangu.

Mi siyo injinia, nimeishia kidato cha nne. Ila siku ile nilikaa pembeni ya yule fundi nikauliza maswali mpaka akachoka, halafu nikaenda kujifunza mwenyewe kwenye vipande vya waya vilivyobaki. Haya ndiyo niliyoyashika.

NDANI YA WAYA KUNA NINI

Waya wa umeme unabeba umeme. Faiba inabeba mwanga. Ukimenya ule waya mweusi bapa unaotoka kwenye nguzo, ndani unakuta uzi wa kioo. Unene wake ni sehemu 125 kati ya 1000 za milimita moja, yaani kama unywele mnene hivi. Sasa mwanga wenyewe haupiti kwenye unene wote huo. Unapita katikati kabisa, kwenye njia yenye upana wa sehemu 9 tu kati ya 1000 za milimita.

Hapo ndipo shida inapoanza. Nyuzi mbili zinapokutana, njia hizo ndogo lazima zitazamane sawasawa. Punje moja ya vumbi, na sisi vumbi jekundu tunalijua wakati wa kiangazi, inatosha kuziba njia.

KUUNGA NA KUFUNGA KICHWA NI VITU VIWILI

Kuunga ni pale waya umekatika njiani, fundi anakutanisha ncha mbili. Njia nzuri ni mashine inayoyeyusha kioo kwa cheche ya umeme mpaka nyuzi zinakuwa moja. Mashine hiyo ni ghali, wengi wanayo makampuni na mafundi wakubwa.

Kufunga kichwa ni kuweka konekta mwisho wa waya ili uchomeke kwenye ruta. Hapa mafundi wengi wa mtaani wanatumia konekta ya haraka. Ndani yake kuna kipande kifupi cha uzi kilichosuguliwa tayari kiwandani, na jeli ya kusaidia mwanga uvuke. Kazi ya fundi ni kuleta uzi wako ukakutane na kile kipande.

HATUA ZENYEWE

1. Kwanza anavalisha kifuniko cha nyuma cha konekta kwenye waya. Akisahau, atarudia kazi yote mwanzo.

2. Anamenya ganda la nje, sentimita chache tu, bila kuukunja uzi wa ndani.

3. Anatoa ngozi nyembamba ya rangi iliyoufunika uzi kwa koleo maalumu la faiba. Siyo kwa wembe, siyo kwa meno. Wembe unachora kioo, na kioo kilichochorwa kitakatika siku nyingine wakati wewe upo laivu.

4. Anafuta uzi kwa spiriti kali isiyo na maji mengi, kwa karatasi isiyoacha manyoya. Baada ya hapo hagusi tena kwa kidole, maana mafuta ya ngozi ni uchafu.

5. Anakata kwa kikatio cha faiba, mafundi wanakiita kliva. Hiki hakikati kama kisu. Kinakwaruza kioo kidogo sana, halafu kinakivunja kwa mnyoofu kabisa. Mkasi unaponda ncha inabaki kama chupa iliyovunjika. Mwanga ukifika hapo unatawanyika. Urefu wa kukata unafuata kipimo cha konekta husika, kwa hiyo usishangae akiweka waya kwenye kijibati cha kupimia kwanza.

6. Anausukuma uzi taratibu ndani ya konekta mpaka ugonge. Utaona umejipinda kidogo kama upinde, maana yake umefika. Anafunga kufuli, kisha kifuniko cha nyuma.

7. Anapima. Fundi akiondoka bila kupima, kazi haijaisha.

KIJANI NA BLUU HAVIOANI

Konekta za kijani uso wake umekatwa kwa mlalo wa nyuzi 8. Za bluu uso wake hauna mlalo huo. Ukichomeka kijani kwenye tundu la bluu, zitaingia vizuri tu, ila ndani nyuso hazigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotea. Unaweza hata kuumiza ncha. Angalia rangi ya tundu kwenye ruta yako, kichwa kifuate rangi hiyo. Na wewe unayetaka kuanza kuuza hizi konekta mtandaoni, andika rangi kwenye tangazo. Picha peke yake huwa inadanganya rangi, mzigo utarudishwa.

NAMBA YA KUMUULIZA FUNDI

Fundi mwenye pawa mita atakuonyesha namba yenye alama ya kutoa mbele. Usiogope. Kadiri namba inavyokuwa kubwa baada ya ile alama, mwanga umepungua. Kwa ruta nyingi za nyumbani, -20 ni nzuri. Kwenye -27 hivi upo ukingoni, ukishuka zaidi ya hapo taa nyekundu.

Kila ukipoteza 3, mwanga umebaki nusu. Uunganishaji wa mashine ukifanywa vizuri unapoteza 0.1 au chini ya hapo. Konekta ya haraka iliyofungwa vizuri inapoteza kama 0.5 au pungufu. Iliyokatwa na mkasi inaweza kula 5. Sasa piga hesabu: ulikuwa na -22, ukitoa 5 unafika -27. Asubuhi intaneti ipo, jioni haipo, na wewe unadhani mtandao ni mbovu.

Siku ya kufungiwa, piga picha ile namba. Ikija shida, unalinganisha.

WEWE MWENYEWE UFANYE NINI

Waya wa kutoka nguzoni mpaka kwenye ruta mara nyingi ni mali ya kampuni iliyokuunganisha. Usiukate wala kuufungua bila wao kujua. Lakini haya unaweza:

- Soma taa. Nyekundu mara nyingi ina maana mwanga haufiki kwako: waya umekatika, umekunjwa au kichwa kibovu. Taa zote zipo sawa ila intaneti hakuna? Angalia kama kifurushi kimeisha, au tatizo lipo mbali zaidi.
- Usikunje waya kona kali, usiupige msumari, usiufunge kwenye mgomba. Mgomba ukianguka na mvua, unaenda na laivu yako.
- Kichwa kikiwa hakijachomekwa, kivalishe kofia yake.
- Usichungulie ndani ya konekta wala mwisho wa waya. Mwanga wa faiba hauonekani kwa macho lakini unaweza kuumiza jicho.
- Vipande vya kioo vikusanywe kwa gundi ya karatasi, viwekwe kwenye chupa yenye kifuniko. Kikikuingia mguuni ni vigumu kukiona. Watoto wakae mbali, na chai isiwe juu ya meza hiyo.

HATA KICHWA KIZURI HAKITOSHI

Intaneti yetu inatoka mbali. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unaunganisha nchi yetu na majirani kwa huku upande wetu kupitia Mutukula kwenda Uganda, Rusumo kwenda Rwanda na Kabanga kwenda Burundi. Na kutoka Dar es Salaam kuna nyaya zinazopita chini ya bahari. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024? Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini huko karibu na Afrika Kusini, nchi nzima tukahangaika. Siku ile hata mwenye konekta safi kuliko wote hakuingia laivu vizuri.

Kwa hiyo mi siku hizi siku ya laivu nina bando la akiba kwenye laini ya mtandao mwingine, na nimeshalijaribu kabla. Namba za wateja nimeziandika kwenye daftari, nikikwama natuma ujumbe wa kawaida: "Samahani, mtandao umesumbua, jozi yako nimeitunza mpaka kesho saa 4." Wateja wengi wanasubiri wakijua. Wakikuona kimya, wanaenda.

MASWALI MATATU KABLA HUJAMLIPA FUNDI

1. Kliva yako iko wapi nione?
2. Umefuta kwa spiriti?
3. Pawa mita inasoma ngapi?

Fundi anayejua kazi hakasiriki kuulizwa. Wa kwangu wa pili alifurahi, na kila anayeniuliza fundi mzuri namtuma kwake. Yule wa mkasi sijawahi kumtaja jina, lakini wateja wangu hawajafika kwake.

Una swali? Uliza hapo chini, nikijua nitajibu, nisipojua nitamuuliza fundi wangu. Mtumie na mwenzako anayesema kila siku "mtandao wa huku mbovu". Labda tatizo lipo ukutani kwake. Biashara njema.