Makombe ya Speke na matope ya Malagarasi (Sehemu ya Tano)

Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, na tangu hapo mazungumzo yote yamekuwa ya dagaa na migebuka: wataongezeka au hawataongezeka? Swali ni la haki, maana dagaa ndio wanaosomesha watoto wa Kigoma. Lakini dagaa na migebuka ni samaki wa maji ya katikati. Pale mto unapoingia ziwani, kwenye matope, matete na maji ya rangi ya chai ya maziwa, pana ulimwengu mwingine ambao hautajwi. Mwenye ghala hufunga mlango akiwa amekwisha kuhesabu magunia.

Mlango wenyewe ni wa Malagarasi, karibu na Ilagala, na wasomaji wa mfululizo huu wanaujua mto huo kwa kivuko chake, kwa hongo waliyotozwa misafara, na kwa Simba, yule punda wa mpelelezi Stanley, aliyekamatwa na mamba mwaka 1871. Watu wa Tabora wasiuone kuwa mto wa wenzao. Maji ya Igombe na ya Ugalla huishia humo.

Hesabu ya viumbe wa ziwa ilianza na mtu ambaye macho yalikuwa hayamsaidii. Mpelelezi John Speke alifika ukingoni Februari 1858 akiwa nusu kipofu kwa ugonjwa wa macho, na Burton mwenzake alikuwa hawezi kutembea. Hata hivyo Speke aliokota makombe. Msafara uliporudi Kazeh, yaani Tabora, Juni mwaka huohuo, makombe hayo yalikuwamo katika mizigo, na mwaka 1859 Samuel Woodward wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliyaeleza kisayansi huko London. Moja linaitwa leo Spekia zonata. Jingine, Lavigeria nassa, lina mbavu nene na ukingo mgumu, na anayelishika kiganjani angeapa kwamba limeokotwa Bagamoyo.

Inafaa kutua hapa kidogo. Kwa miaka mingi njia ileile ya misafara ilikuwa ikipandisha makombe ya bahari kwenda bara: simbi za biashara, na kibangwa, kile kitako cha kombe kilichosuguliwa kikawa kisahani cheupe cha kuvaliwa na mtemi. Mnyamwezi aliyelijua kombe la pwani kwa thamani yake alibeba kombe la ziwa akilishusha pwani. Vitabu vimemkumbuka Speke kwa jina la konokono. Mpagazi hakupewa hata konokono mmoja.

Kisha akaja Richard Böhm, Mjerumani aliyekaa Gonda na Kakoma, kusini mwa Tabora, kuanzia mwaka 1880, akikusanya ndege na wanyama kwa uvumilivu wa ajabu. Keremkerem mmoja na punda milia wa nchi hii wanaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1883 alifika Tanganyika akaona jambo lililowashtua wataalamu wa Ulaya: yavuyavu, yule ambaye baadhi ya watu wa pwani humwita konyeza, akielea katika maji matamu, mdogo kama sarafu, mwangavu kama kioo. Böhm alifia Katanga mwaka 1884, akiwa hata hajatimiza miaka 30.

Edward Hore wa misheni ya Ujiji naye alipeleka makombe, na moja lenye miiba mirefu likapewa jina Tiphobia horei mwaka 1880. Yavuyavu, miiba, mbavu nene: mtaalamu wa wanyama J. E. S. Moore alivijumlisha vyote, akaja mwenyewe mara mbili katika miaka ya 1890, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima kudai kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Alikosea, na kosa lake linafundisha kuliko usahihi wa wengi. Jibu lililokuja kukubalika lilikuwa miguuni pake: kaa. Kaa wa Tanganyika wana magando ya kuvunja makombe, na kwa vizazi vingi konokono mwenye gamba jembamba aliliwa, mwenye gamba nene akazaa. Mfanano na bahari umetoka katika vita hivyo, wala haukurithiwa kutoka baharini.

Moore alikuwa na vitu vingi mkononi, ila hakuwa na picha ya nani anaishi na nani, kwenye mwamba gani, kina gani. Hiyo ndiyo kazi ya kupima makazi ya viumbe. Katika delta ya Rufiji mpimaji husubiri bamvua, maji yakipwa atembee juu ya matope kati ya mikoko. Malagarasi haina kupwa wala kujaa. Saa yake ni masika na kusi. Mzamiaji pia hafai pale, kwa sababu ya giza la maji na mamba. Kazi hufanywa mtumbwini: majarife ya matundu mbalimbali hutegwa usiku, alfajiri kila samaki hupimwa urefu; tope huchotwa, huoshwa kwenye chekecheke, kisha hutandazwa juu ya sinia nyeupe ambamo vikonokono vidogo kama punje za mtama huanza kutambaa. Vinahesabiwa kimoja kimoja. Ni kazi ya kuumiza mgongo, na wapenda picha nzuri hukimbilia kwenye miamba.

Tope hilo lina kisa chake. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha, kwa kulinganisha kando mbalimbali za ziwa hili, kwamba mahali udongo unapomwagika kwa wingi kutoka milima iliyofyekwa, aina za viumbe hupungua. Tabora isijitoe. Miti ya miombo ya Urambo na Kaliua hukatwa kukausha tumbaku, na udongo uliobaki mtupu husubiri mvua ya kwanza uanze safari ya kwenda Ilagala. Anayejenga bani la kukaushia tumbaku apande miti kabla ya kuwasha moto. Hilo si ombi kubwa.

Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, zaidi ya kilomita za mraba 32,000, iliingia katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, ya kwanza nchini. Kufunga ziwa kwa miezi 3 kungepata maana zaidi kama sinia na majarife yangekwenda mlangoni mwa mto kabla ya kufunga na baada ya kufungua, na daftari likabaki Kigoma.

Kazi ya uvumilivu wa namna hiyo imewahi kufanyika kwa samaki mmoja. Mwaka 1956 Rosemary Lowe alichapisha aliyoyaona kwa kumtazama karomo, perege wa Malagarasi asiyepatikana pengine duniani, akizaliana katika mabwawa ya mto huo: dume huchimba shimo la duara, katikati akaacha kichuguu, jike akataga juu yake na kuyachukua mayai mdomoni. Leo karomo amo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na kichuguu chake hufunikwa na tope la kiganja kimoja tu.