Gari ya fibaglasi: kazi ya rangi inaanza mbele ya kushika pistole

Mwaka wa 1964, huko California, Marekani, Bruce Meyers, fundi aliyezoea kutengeneza mashua za fibaglasi, aliunda karoseri ndogo isiyo na milango na kuifungia vyombo vya Volkswagen Coccinelle. Gari hiyo ikaitwa Meyers Manx. Iliuzwa kwa vipande: mnunuzi alipata karoseri, akatafuta Coccinelle ya zamani, akafupisha chasi yake kwa sentimita 36 hivi, kisha akaunga gari mwenyewe. Mwaka wa 1967 Manx ilishinda mbio za Mexican 1000, na kufikia 1971 zilikuwa zimetengenezwa karibu 6.000.

Karoseri nyingi kati ya hizo zilitoka kiwandani na rangi yao tayari, ikiwa ndani ya jelkoti, yaani tabaka la juu la rezini. Leo, baada ya zaidi ya miaka 50, jua limeipausha rangi hiyo na wenye magari wanaipaka upya. Hapo ndipo wengine wanapoteza pesa: wananunua rangi ya bei kali, lakini muda mfupi baadaye inabambuka.

Sababu ni kwamba fibaglasi si bati. Adui wa bati ni kutu; wa fibaglasi ni nta na hewa. Kiwandani, kalibu inapakwa nta ili karoseri itoke bila kung'ang'ania. Nta hiyo inabaki juu ya karoseri mpya. Fundi akianza na msasa, anaisukumia ndani ya mikwaruzo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha kwa maji na sabuni, kisha kupangusa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka dawa, kingine kikavu cha kuitoa. Msasa unafuata baadaye. Karoseri mpya inafaa pia kuachwa kwenye joto la jua kwa siku kadhaa, ili rezini imalize kukauka mbele ya kufunikwa.

Kisha yanatafutwa matundu ya hewa yaliyojificha chini ya jelkoti. Yanafunguliwa kwa chuma chenye ncha, halafu yanajazwa mastiki. Nyufa ndogo zinazofanana na utando wa buibui hazifunikwi tu: zinachimbwa mpaka mwisho wake, na kama nyuzi za ndani zimevunjika, zinawekwa nyuzi mpya na rezini. Bila hivyo ufa utarudi juu ya rangi. Kwa kutoa rangi ya zamani, dawa kali za kubambua zinazotumiwa kwa bati ni hatari, kwani zinaweza kula na rezini yenyewe. Ni afadhali msasa na uvumilivu.

Baada ya hapo inakuja apreti nzito. Mafundi wazoefu wanapuliza juu yake vumbi jepesi la rangi nyeusi, kisha wanasugua kwa ubao mrefu uliofungwa msasa. Penye weusi kubaki, pana bonde. Wanaanza na msasa namba 180, wanaendelea na 320, na kumalizia na 400 au 600 mbele ya rangi ya mwisho.

Lakini hatari kubwa haiko kwenye gari. Vumbi la fibaglasi linawasha ngozi na kuumiza koo, kwa hiyo maski na nguo za mikono mirefu ni lazima. Rangi nyingi za sehemu mbili, zile zinazochanganywa na dawa ya kukausha, zina isosianati. Nchini Uingereza, kemikali hiyo inahesabiwa kati ya visababishi vikubwa vya pumu inayotokana na kazi. Mvuke wake unaweza kudhuru hata kama pua haisikii harufu, na unabaki hewani dakika kadhaa baada ya pistole kuzimwa. Kitambaa mdomoni hakizuii kitu. Inatakiwa maski inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje.

Fundi anayepuliza rangi hiyo juu ya bati, iwe Bukavu ao Lubumbashi, anavuta mvuke uleule. Asiye na maski ya namna hiyo achague rangi ya sehemu moja isiyo na isosianati, hata kama haing'ai sana, na awaondoe watoto na majirani karibu na mahali anapopulizia.