Kwa Nini Mikono Yote Iliinuka?

Miaka michache iliyopita tulihudhuria mkutano wa mradi wa maji katika sehemu moja tunayofanya kazi. Tulikaa chini ya mti kama kawaida. Mwenyekiti akasema fundi wa pampu amepatikana, na kwamba alitaka alipwe pesa zote kabla ya kuanza kazi. Halafu akaita: "Wanaokubali wainue mikono." Mikono yote ikainuka. "Wanaopinga?" Kimya. Mtu hata kukohoa hakukohoa.

Fundi alileta mabomba mawili, akachimba kidogo, akapotea na pesa.

Lakini jambo lililotusumbua sisi halikuwa fundi. Siku ileile ya mkutano, tukirudi nyumbani, watu walikuwa wakinung'unika njia nzima. "Mimi nilijua pesa hazilipwi zote mbele." Mama mmoja akamgeukia aliyesema hivyo: "Sasa si uliinua mkono?" Akajibiwa, "Niliona wewe umeinua." Na wacha tuseme ukweli: sisi wa ofisi, tuliokalia viti vya mbele, mikono yetu pia ilikuwa juu.

Ni rahisi kusema watu wetu ni waoga, au kwamba hawajasoma. Tumesikia hayo mara nyingi kwa semina, na si kweli. Mapema katika miaka ya 1950, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Solomon Asch aliwaita wanafunzi wa chuo kikuu, watu wenye elimu na macho mazuri. Aliwaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akawauliza ni upi kati ya hiyo mitatu unalingana na ule wa kwanza. Hata mtoto angejibu. Ila ujanja ulikuwa huu: katika kila kikundi, mwanafunzi mmoja tu ndiye hakujua mpango. Wengine wote walikuwa wameelezwa mapema watoe jibu la uongo, tena kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kabla ya zamu yake kufika.

Kama theluthi moja ya majibu ya wale wasiojua mpango ilifuata uongo wa wenzao. Kama robo tatu yao walifuata angalau mara moja. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema walianza kutilia shaka macho yao wenyewe: watu wote hawa wawezaje kukosea? Wengine walijua kabisa jibu ni uongo, lakini hawakutaka kuonekana wa ajabu. Hizo ni sababu mbili tofauti, na zote mbili zilikuwa pale chini ya mti wetu.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo Asch aligundua, na tunaomba msomaji ayakumbuke. La kwanza, akipatikana mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla yako, nguvu ya kikundi inavunjika karibu yote. La pili, mtu akiruhusiwa kuandika jibu lake faraghani badala ya kulitamka mbele ya wenzake, kufuata kunapungua sana.

Tukumbuke pia kwamba yule mwanafunzi wa Marekani alirudi bwenini kwake, na yaelekea hakuhitaji tena chochote kutoka kwa wale waliomdanganya. Mtu wetu wa kijijini atakutana na mwenyekiti kesho kwa posho mill. Mtoto wake anasomeshwa na mke wa karani. Akifiwa, ni haohao watakaochimba kaburi. Kwa hivyo anapoinua mkono hafanyi ujinga. Anapiga hesabu, na mara nyingi hesabu yake ni sawa.

Hapo ni wenzako wanaokuvuta. Mkubwa akiamuru ni jambo jingine. Kuanzia mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwalipa watu wa kawaida wa mjini waje kusaidia utafiti, walivyoambiwa, wa jinsi watu wanavyojifunza. Kila mmoja alikaa mbele ya mashine yenye swichi 30, kutoka volti 15 hadi 450. Mtu wa chumba cha pili akikosea jibu, unambonyezea stima, na kila kosa unaongeza. Stima haikuwa ya kweli, ila mbonyezaji hakujua. Aliposita, mtafiti aliyevaa koti la maabara alimwambia kwa upole tu kwamba ni lazima aendelee. Kati ya wanaume 40 wa jaribio lililochapishwa mwaka 1963, 26 walifika volti 450. Wengi walitoka jasho, walitetemeka, waliomba iachwe. Lakini waliendelea kubonyeza.

Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba baadhi yao huenda walishuku kuwa ni mchezo, kwa hivyo tusichukue hesabu hiyo kama sheria ya binadamu. Hata hivyo tunaona mfano wake. Hakuna aliyeanza na volti 450. Alianza na 15, na kila hatua ilikuwa ndogo kuliko aibu ya kusimama. Wenzake wawili walipopangwa wakatae mbele yake, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho. Na mkubwa alipotoka chumbani akaamuru kwa simu, utiifu ulishuka sana.

Hapa Kenya tulifanya jaribio letu wenyewe, na taifa zima ndilo lililokuwa maabara. Mwaka 1986 KANU, chama pekee wakati huo, iliamua kwamba uteuzi wa wagombea ufanywe kwa mlolongo: mpiga kura asimame nyuma ya mtu wake, hadharani, ahesabiwe. Viongozi wa makanisa chini ya NCCK walipinga mwaka huohuo. Walisema mchungaji hawezi kusimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya waumini wake wote halafu abaki mchungaji wao wote. Mlolongo ukaendelea. Februari 1988 watu walipanga foleni, na aliyehesabiwa zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Wengi bado wanakumbuka foleni fupi zilizotangazwa kuwa ndefu. Gazeti la Beyond la NCCK liliandika habari za wizi huo wa kura, likapigwa marufuku mwaka huohuo wa 1988.

Wizi ulisemwa sana. Kuhusu foleni yenyewe, hata pale ilipohesabiwa sawasawa, haikusemwa vya kutosha. Mwenye duka alimwona mteja mwenye deni amesimama wapi. Chifu aliona. Mkwe aliona. Mtu alikuwa akijibu swali la Asch kwa miguu yake. Desemba 1990 chama chenyewe kiliuondoa mlolongo pamoja na ile asilimia 70.

Siasa za taifa ziliuacha, lakini vikundi vyetu vingi vya maji, vya mikopo na vya akina mama vinapiga kura ya mlolongo hadi leo, ila kwa mikono. Hatusemi kila amri ipingwe. Chifu akisema mlete watoto wachanjwe, pelekeni. Tunasema tu kwamba mkono ulioinuliwa mbele ya mwenyekiti haujatuambia mwenye mkono anafikiria nini.

Mwaka jana kikundi kilekile kilikutana tena. Fundi mwingine alikuwa amepatikana, naye pia anataka pesa zote mbele. Safari hii katibu, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliomba ruhusa ajaribu jambo. Kila mtu alipewa punje moja ya mahindi na moja ya harage. Mahindi ni ndiyo, harage ni la. Unaingia nyuma ya ukuta wa kanisa peke yako, unatia moja kwa chungu cha kura, nyingine unaitupa kwa gunia. Wazee wawili walilalamika kwamba hayo ni mambo ya watoto. Wakaingia hata hivyo.

Chungu kilipomwagwa juu ya leso, maharagwe yalikuwa mengi kuliko mahindi. Mwenyekiti alihesabu mara mbili. Fundi akaambiwa atalipwa kwa awamu tatu, akakataa, akapanda baiskeli yake. Kufikia tunapoandika, anatafutwa mwingine, na wanawake bado wanateka maji mtoni.