Wanawake wa Burundi na Meza ya Arusha

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Wasilolisema ni kwamba fahali hao wapatanapo, nyasi hazialikwi. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi diplomasia ilivyojaribu kuigeuza desturi hiyo nchini Burundi, na mahali ilipokwama.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka nchini humo baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mnamo Oktoba 1993. Mazungumzo ya amani yalianza jijini Arusha, Tanzania, Juni 1998, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mpatanishi. Wanawake walipoomba kushiriki, vyama viliwapinga kwa hoja kwamba wao hawakuwa miongoni mwa waliopigana. Baada ya juhudi nyingi waliruhusiwa kuwa waangalizi tu.

Nyerere alifariki Oktoba 1999, na Nelson Mandela akaushika usukani. Julai 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Wanawake (UNIFEM) na Wakfu wa Mwalimu Nyerere waliandaa mkutano wa wanawake wa Burundi huko huko Arusha. Vyama vyote 19 vilivyokuwa vikijadiliana viliwakilishwa na wanawake. Wahutu kwa Watutsi waliafikiana juu ya madai ya pamoja, kisha wakamkabidhi Mandela. Hapa ndipo tunapoiona nguvu ya mpatanishi: mwanamke asiyekuwa na jeshi hakuweza kuvilazimisha vyama vimsikilize, lakini mpatanishi aliweza kuyaweka madai yake mezani. Mengi kati ya mapendekezo hayo yaliingizwa katika Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Miezi miwili baadaye, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama.

Hata hivyo, dai la kutengewa asilimia 30 ya nafasi za uongozi halikukubaliwa Arusha. Wanawake waliendelea kulipigania hadi likaingia katika Katiba ya mwaka 2005, kwa upande wa serikali, Bunge na Seneti.

Suala la ardhi lilikuwa gumu zaidi. Burundi ni nchi ya wakulima, na kwa mujibu wa mila, shamba hurithiwa na mtoto wa kiume. Mswada wa sheria ya urithi ulijadiliwa kwa miaka mingi baada ya mkataba bila kupitishwa. Hivyo basi, mjane aliyerejea kutoka ukimbizini angeweza kumwona mwanamke mwenzake akiwa waziri, ilhali yeye mwenyewe hana pa kulima.

Ni bayana kwamba diplomasia yaweza kumfungulia mwanamke mlango wa Bunge kwa haraka kuliko ule wa shamba la babake. Kiti ni cha wachache. Shamba ni la kila nyumba. Kwa hivyo, mpatanishi anapokunja jamvi, kazi ya wanasheria, wabunge na wazee wa vijiji ndiyo kwanza inaanza.