Mpima Mashamba wa New Salem

Shamba lisilo na mpaka huzaa ugomvi. Mmoja anasema: «Mti huu ni wangu.» Jirani anajibu: «Hapana, ni wangu.» Kwa hiyo kazi ya mpima mashamba ni kazi ya amani. Tusikie basi habari za mpima mmoja.

Abraham Lincoln alizaliwa Marekani mwaka 1809, katika nyumba ya miti. Masomo yake ya darasani, yote pamoja, hayakutimiza mwaka mmoja. Mwaka 1831 alifika New Salem, kijiji kidogo cha jimbo la Illinois. Wenyeji wa kwanza walikuwa wakiondoshwa katika inchi ile, na wageni walikuja kununua mashamba.

Lincoln na mwenzake walikuwa na duka. Duka likafa, likawaachia deni kubwa. Mwaka 1833 akapewa kazi ya posta ya kijiji, lakini feza yake ilikuwa kidogo. Kisha mpima wa wilaya akatafuta msaidizi. Lincoln hakujua kazi ile. Akachukua vitabu, akajifunza kwa bidii mpaka akaijua.

Alipimaje? Dira ilimwonyesha mstari ulionyoka. Watu wakavuta mnyororo wa pete 100, urefu wake karibu metre 20, wakahesabu minyororo mingapi toka pembe hata pembe. Naye akaandika yote katika kitabu. Mpima akikosea, mtu mmoja hupoteza udongo wake, na mwingine hupata usio wake. Lincoln alipima sawasawa, hakupendelea mtu. Watu wakamwamini.

Mwaka 1832 aliomba kuingia katika bunge la jimbo, watu wakamkataa. Mwaka 1834 wakamchagua, maana sasa walimjua.

Lakini deni halikusahauliwa. Farasi wake na vyombo vyake vya kupimia vikanyang'anywa, vikauzwa mnadani. Rafiki mmoja akavinunua, akamrudishia. Mwaka 1835 mwenzake wa duka akafa. Mwingine angalikimbia usiku; Lincoln alibaki, akalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka deni likaisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1861 mpima yule akawa Rais wa Marekani. Aliyekuwa mwaminifu kwa mpaka wa shamba la jirani, ndiye aliyepewa inchi nzima kuitunza.

Maulizo
1. Mpima akikosea, nani anapata hasara?
2. Kwa nini watu walimchagua Lincoln mwaka 1834?
3. Alilipaje deni lake?