Ziara ya Siku Moja Kapenguria: Kikundi Kinaweza Kwenda Bila Kukopa

Vikundi vingi vya kujisaidia vina desturi nzuri ya kutembeleana. Tunaenda kuona ng'ombe wa maziwa wa wenzetu, tanki la maji au shamba la mboga, na tunarudi na maarifa. Lakini ni vikundi vichache vinavyokwenda kuona mahali ambapo mambo makubwa ya nchi yetu yalitokea. Wanachama husema, "Hiyo ni kazi ya watoto wa shule," au, "Pesa zenyewe ziko wapi?" Hebu tuangalie mfano mmoja, mji mdogo wa Kapenguria, Pokot Magharibi.

Kuna nini Kapenguria?

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, baada ya Gavana Evelyn Baring kutia sahihi tangazo la hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilikamata viongozi wengi wa Waafrika. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria kwamba ndio walioongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba.

Mbona kesi ikapelekwa huko? Kwa sababu Kapenguria ilikuwa mbali na watu. Reli iliishia Kitale na huwezi kuingia eneo hilo bila ruhusa. Hata jengo la mahakama la kutosha halikuwako, ikabidi kesi isikilizwe katika chumba cha shule. Mawakili wa washtakiwa, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda kesini.

Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote sita miaka saba jela na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani, lakini hakuachiliwa, aliendelea kuzuiliwa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa serikali, alisema kwa kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Badala ya kesi kufunguliwa upya, yeye ndiye aliyefungwa, ati kiapo hicho cha pili ndicho cha uongo.

Leo seli walimofungiwa hao sita zimehifadhiwa. Tangu 1993 ni makumbusho ya taifa. Mtaona vile vyumba vidogo, picha za wafungwa na maelezo ya kesi. Pia kuna vitu vya jadi vya Wapokot, kwa hivyo mtu hajifunzi habari za kesi peke yake.

Mipango ya safari

Kutoka Kitale, fuateni barabara ya kwenda Lodwar mpaka Makutano, halafu mnakata kwenda Kapenguria mjini. Ni mwendo wa kama saa moja tu. Anayetoka upande wa Bungoma au Eldoret akiondoka alfajiri atarudi jioni hiyo hiyo, wala hakuna haja ya kulipia malazi.

1. Msiguse pesa za mzunguko wala za mikopo. Anzeni mfuko wa safari, wenye daftari lake. Tuseme mko 13. Kila mmoja akitoa shilingi 40 kwa wiki, kwa wiki 26 atakuwa ametoa 1,040. Jumla ni 13,520.

2. Ulizeni bei kabla ya kupanga. Mweka hazina aulize madereva wawili au watatu bei ya kukodi matatu kwa siku nzima. Apige simu makumbusho aulize kiingilio na jinsi ya kulipa. Mkenya halipi sawa na mtalii wa kutoka nje, na mtoto hulipa kidogo. Mkiona pesa hazitoshi, ongezeni wiki za kuchanga, msikope.

3. Chukueni chakula chenu. Chai kwenye chupa, mandazi, viazi vitamu, githeri. Hapo ndipo safari nyingi huharibika, kwa sababu hoteli humaliza pesa yote. Bebeni pia sweta, Kapenguria kuna baridi.

4. Mchukueni mzee mmoja bila kumlipisha. Matatu ya abiria 14 ina nafasi yake. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1952 sasa amepita themanini. Anakumbuka kipande, amri ya kutotoka nje usiku na watu waliochukuliwa wasirudi. Hatakuwa nasi siku zote. Kijana mmoja aandike anayosema.

5. Mwombeni mfanyakazi wa makumbusho awaeleze. Msikimbie kupiga picha na kutoka. Kila mwanachama awe na swali moja.

Faida kwa kikundi ni gani?

Wale sita walikula shida pamoja, lakini baada ya Uhuru hawakuendelea pamoja. Kenyatta akawa Rais. Ngei na Oneko wakawa mawaziri. Kaggia alitetea wasio na mashamba, na mwaka 1966 yeye na Oneko wakaondoka KANU na kuingia chama cha upinzani, KPU. Mwaka 1969 Oneko aliwekwa kizuizini tena, safari hii na serikali ya yule waliyefungwa naye, mpaka 1975.

Jambo hili si la kuficha. Vikundi vyetu navyo ni hivyo hivyo. Siku za kuchimba kisima kwa mikono, wote ni kitu kimoja. Maji yakishafika, ugomvi unaanza: nani ashike ufunguo, nani anywe kwanza. Ni rahisi zaidi kusema haya mkiwa mmesimama mbele ya zile seli kuliko mkiwa mkutanoni mnatazamana kwa hasira.

Mkirudi, mkutano unaofuata wekeni saa moja ya mazungumzo. Mweka hazina asome hesabu ya safari yote, hata shilingi kumi iliyobaki. Kisha mjadili:

- Kwa nini watawala walipeleka kesi mahali pa mbali? Katika kikundi chetu, ni mambo gani huamuliwa mbali na wanachama?
- Shahidi aliyesema kwamba alidanganya ndiye aliyefungwa. Kwetu, anayesema ukweli juu ya pesa hutendewaje?
- Ni jambo gani linaweza kututenganisha baada ya kufaulu, na tutalizuiaje mapema?
- Hapa kijijini kuna mahali gani penye historia ambapo watoto wetu hawapajui?